Mwalimu Anayemsikiliza Kila Mtoto: Tathmini ya Ufundishaji wa KKK Katika Darasa la Pili

Wazazi wengi tunapotafuta shule huuliza ada, usafiri na nafasi ambayo shule ilishika katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Ni wachache wanaouliza mwalimu wa darasa la kwanza na la pili anafundishaje kusoma, kuandika na kuhesabu, ilhali kila somo litakalofuata linategemea stadi hizo tatu, zinazoitwa kwa kifupi KKK. Tathmini hii inahusu huduma hiyo peke yake: ufundishaji wa KKK katika darasa la pili la shule moja ya msingi ya serikali iliyo pembezoni mwa mji wa Morogoro, ambako binti yangu amesoma mwaka huu. Nimeketi nyuma ya darasa hilo mara kadhaa kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, nimepitia madaftari ya binti yangu na ya watoto wa majirani, na nimezungumza kwa kirefu na mwalimu mwenyewe, ambaye ameomba asitajwe jina wala shule yake isitajwe, kwa kuwa hapendi wazazi wa kata nyingine wahamishie watoto wao katika darasa ambalo tayari limejaa.

Darasa hilo lina watoto wanaokaribia tisini, wakati uwiano unaotakiwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hali hii haiko katika shule hii pekee. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza uliongezeka ghafla nchi nzima, na vyumba vya madarasa pamoja na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mbinu ya kufundishia inayofaa kwa watoto ishirini tu haina msaada mkubwa kwa shule zetu, na thamani ya kwanza ya mwalimu huyu ni kwamba amejenga utaratibu unaowezekana katika chumba ambamo watoto wanne hubanana kwenye dawati la watatu.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioboreshwa mwaka 2015 uliziweka KKK mbele ya mambo mengine yote, na walimu wengi wa madarasa hayo, yeye akiwa mmoja wao, walipata mafunzo kazini kupitia mpango uliojulikana kama LANES. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeziacha stadi hizo mahali pale pale. Kilichobadilika ni muda, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeifupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na hivyo mtoto anayefika darasa la tatu bila kujua kusoma amepungukiwa mwaka mmoja wa kurekebishwa. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne haumsubiri.

Kazi ya mwalimu huyu huanza kwa kupima. Katika majuma ya mwanzo ya muhula wa kwanza humwita kila mtoto mezani kwake, mmoja baada ya mwingine, akiwa na kadi tano alizoziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: kadi ya herufi, ya silabi, ya maneno, ya sentensi na ya hadithi fupi. Mtoto husoma kadi hizo kwa mfuatano huo hadi anapokwama, na mwalimu haandiki alama bali mahali alipokwama. Nililiona daftari lake. Mbele ya jina moja aliandika kwamba mtoto anazijua m na k lakini hatofautishi b na d. Mbele ya jingine, kwamba anasoma silabi ila hawezi kuziunganisha. Na mbele ya jingine, kwamba anasoma hadithi yote bila kuweza kueleza imemhusu nani. Utaratibu huu unafanana na ule ambao Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, ulianza kuutumia mwaka 2009 kuwapima watoto majumbani mwao katika Tanzania, Kenya na Uganda, nao uliuchukua kutoka kwa shirika la Pratham la India. Tofauti ni kwamba Uwezo walipima ili taifa lipate taarifa, naye hupima ili ajue kesho afundishe nini na amfundishe nani.

Kwa kipindi cha kusoma tu, watoto walio katika hatua moja huketi pamoja, kisha hurudi mahali pao pa kawaida. Makundi yamepewa majina ya miti, yaani mwembe, mnazi, mfenesi na mkorosho, na hayafuati mpangilio wowote ambao mtoto angeweza kuutumia kujua nani yuko juu na nani yuko chini. Mwalimu alinieleza kwamba akiwaacha watoto wakae hivyo siku nzima, watajua upesi kundi gani ni la wasiojua, na mtoto akishajihesabu miongoni mwa wasiojua huacha kujaribu. Kila baada ya majuma machache hupima upya na kuwahamisha, na nimeona watoto wakihama kwenda mbele mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Katika kusoma kwenyewe, jambo lililonivutia mapema ni jinsi anavyoushughulikia wimbo wa ba, be, bi, bo, bu. Wengi wetu tulijifunza kwa wimbo huo, na hauna ubaya. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, irabu zake ni tano, na silabi zake nyingi ni konsonanti moja inayofuatwa na irabu moja, hivyo mtoto aliyezishika silabi kwa hakika anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Tatizo ni kwamba watoto wengi hukariri mfuatano bila kuzijua silabi zenyewe: ukimwonyesha mtoto wa namna hiyo bu peke yake, ataanza ba kimoyomoyo na kuhesabu mpaka aifikie. Mwalimu huyu huimbisha mfuatano kwa dakika chache tu. Baada ya hapo huzichukua kadi za silabi alizozikata kutoka katika maboksi, akazichanganya, na kuanzia hapo hakuna silabi inayokuja mahali inapotarajiwa: bu, me, ko, la, ti. Mtoto huzisoma, kisha huchagua mbili au tatu na kujenga neno. Akipata koti au meko, huulizwa alitumie katika sentensi; akipata neno lisilokuwepo, husifiwa kwa kulisoma sawasawa, na darasa zima huulizwa kama kuna aliyewahi kulisikia.

Kabla ya silabi hufundisha sauti. Wakati wa kusoma, herufi b haitajwi kwa jina lake, bali hutamkwa kwa sauti yake fupi, midomo ikifungwa na kuachiliwa, kwa sababu mtoto anayeambiwa be na a hawezi kuona kwa urahisi ba imetoka wapi. Mbinu hii ya sauti ndiyo iliyosisitizwa katika mafunzo ya KKK, lakini kuisikia semina ni jambo moja na kuishikilia mwaka mzima ni jambo jingine, hasa wazazi wanapowafundisha watoto nyumbani kwa majina ya herufi. Yeye alilimaliza hilo katika kikao cha kwanza cha wazazi, akatutamkisha sauti zote hadi za mwisho, watu wazima tukiwa tumeketi katika madawati ya watoto wetu.

Sehemu ninayoiona kuwa bora kuliko zote ni jinsi anavyozifundisha konsonanti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, kwa maana hapo ndipo watoto wengi waliokuwa wakienda vizuri hukwama. Hutenga sehemu kubwa ya muhula kwa mb, nd, nj, ng, ny, ch, sh, dh, th na gh, kisha mw, kw, bw na mbw, wala haharakishi. Ng'ombe na ngoma huzifundisha siku moja, zikiandikwa sambamba, kwa sababu ile alama ndogo inayofuata g mtoto haioni mpaka asikie tofauti inayoileta. Watoto huweka kidole kando ya pua, wakatamka, wakahisi kwamba sauti ya mwanzo wa ng'ombe hupita puani yote, wakati ile ya ngoma huanzia puani na kumalizikia kooni. Niliwatazama watoto wakilifanya hili kwa makini makubwa, na siku chache baadaye binti yangu alinisomea neno ng'aa kutoka kwenye tangazo la sabuni bila kusaidiwa.

Watoto wengi wa eneo letu huchanganya l na r wanapozungumza, na baadhi yao huidondosha h. Makosa haya huhamia katika maandishi, na katika shule nyingi hugeuzwa kuwa kichekesho. Mwalimu huyu hawacheki, wala haruhusu wenzao wawacheke. Huandika jozi ubaoni, kula na kura, mahali na mahari, hapa na apa, thamani na samani, kisha hutunga sentensi ambazo maana yake huharibika sauti moja ikibadilishwa, na kuwaachia watoto wenyewe wagundue kilichoharibika. Huwaonyesha pia ulimi unakaa wapi kwa kila sauti. Sijaona mtu mwingine akilifundisha jambo hili kwa utaratibu. Wengi hulikemea tu.

Linganisha hayo na mahali binti yangu alikotoka. Alisoma darasa la kwanza katika shule nyingine, ambako watoto walisoma kwa pamoja wakimfuatisha mwalimu, na ripoti yake ya mwisho wa mwaka ilionyesha alama za juu sana katika kusoma. Alipopimwa hapa kwa kadi alikwama kwenye silabi. Alikuwa amejifunza kufungua mdomo pamoja na wenzake, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemsikiliza akiwa peke yake. Katika darasa la sasa, wakati watoto wanasomeana wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa kidole, mwalimu huwaita kadhaa mezani na kuwasikiliza, na kwa njia hiyo kila mtoto husikilizwa walau mara moja katika majuma mawili, na wale walio nyuma husikilizwa zaidi. Mtoto anayeshukiwa kuwa ameukariri ukurasa huambiwa aanze neno la mwisho akirudi nyuma. Jaribio hili ni rahisi, nami nalipendekeza kwa kila mzazi: mtoto anayesoma kweli ataweza, ingawa polepole, na aliyekariri atasimama pale pale.

Kuhusu kuandika sina mengi ya kusema, kwa kuwa huko anafanya vizuri yale ambayo walimu wengi wazuri huyafanya. Imla ni fupi na ni ya kila siku, ya maneno machache yaliyotokana na somo la kusoma la siku hiyo, na kosa husahihishwa kwa kupigiwa mstari silabi iliyokosewa tu, ili mtoto ajue kwamba sehemu nyingine ya neno aliipata. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto haachwi tu aendelee kuutumia, bali hufundishwa namna ya kulilaza daftari ili mkono usifute maandishi. Penseli hutumika mwaka mzima, na kalamu ya wino hairuhusiwi hata kwa mtoto ambaye mzazi wake amemnunulia ya bei kubwa.

Kuhesabu ndiko kulikonifanya niamini kwamba mwalimu huyu anaielewa kazi yake kutoka ndani. Karibu watoto wote wa darasa la pili wanaweza kuhesabu kwa mdomo hadi mia moja bila kusita, na jambo hilo yeye halichukulii kuwa ni kujua kuhesabu. Huanza na vijiti na vizibo vya soda. Vijiti kumi hufungwa kwa uzi wa mkonge kuwa fungu moja, na kwa muda mrefu hakuna namba inayoandikwa kabla haijatengenezwa kwa mafungu na vijiti juu ya dawati. Kumi na tatu humpa mtoto taabu ndogo, kwa kuwa anapoitaja tayari amekwisha kusema fungu moja na vijiti vitatu. Kuanzia ishirini, thelathini na arobaini hadi tisini msaada huo hakuna, na hapo ndipo watoto wengi huanza kukariri bila kuona idadi. Kwa hiyo darasa husoma 34 mara mbili, kwanza makumi matatu na mamoja manne, kisha thelathini na nne, na utaratibu huu huendelea hadi mamia. Faida yake huonekana kwenye mia moja na tano, ambayo watoto wengi huiandika 1005 kwa kuwa wamesikia mia moja, wakaiandika yote, kisha wakasikia tano. Katika madaftari niliyoyapitia, kosa hilo lilikuwepo mwanzoni mwa mwaka na likatoweka.

Siku moja nilishuhudia mvulana akileta mezani hesabu ya 52 kutoa 37, akiwa ameandika jibu 25. Kosa hili ni la kawaida sana: mtoto hutoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa bila kujali ipi iko juu, akapata 5 kwa 7 kutoa 2, na 2 kwa 5 kutoa 3. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosa. Alimwambia, "Hebu nionyeshe kwa vijiti, mwanangu." Mvulana aliweka mafungu matano na vijiti viwili, akaondoa mafungu matatu bila shida, halafu akatakiwa kuondoa vijiti saba naye ana viwili tu. Alikaa kimya kwa muda, na mwalimu naye akakaa kimya, jambo ambalo katika chumba chenye watoto tisini linahitaji ujasiri. Hatimaye akauliza kama anaruhusiwa kufungua fungu. Alipolifungua, akapata vijiti kumi na viwili, akaondoa saba, akabaki na fungu moja na vijiti vitano, akarudi kwenye dawati lake na kufuta 25 mwenyewe. Kile ambacho sisi tulikariri kwa jina la kukopa, tukiandika ka-moja kadogo juu ya tarakimu bila kujua kametoka wapi, mvulana yule alikiona kikitokea mkononi mwake. Njia ya kuandika hufundishwa baada ya hapo, na wakati huo haihitaji maelezo marefu.

Hesabu za maneno nazo huzifundisha kwa namna isiyo ya kawaida. Vitabu vingi vya mazoezi, na baadhi ya walimu, humzoesha mtoto kutafuta neno la kumwelekeza: akiona jumla ajumlishe, akiona baki atoe. Yeye hutunga maswali yanayoivunja kanuni hiyo makusudi. Nilimsikia akiuliza, "Baada ya kununua kuku watano, bibi ana kuku kumi na wawili; kabla ya kununua alikuwa na wangapi?" Nusu ya darasa ilijibu kumi na saba kwa sauti moja. Hakuwasahihisha, aliwaambia wachore banda la bibi la kabla na la baada, na mazungumzo yaliyofuata baina ya watoto, wakibishana kama bibi anaweza kuwa na kuku wengi kabla ya kununua kuliko baada ya kununua, yalikuwa ya hisabati kuliko masomo mengi niliyoyaona katika madarasa ya juu. Pembeni mwa darasa kuna duka la maboksi matupu, ambako mtoto anayenunua chumvi ya shilingi 300 kwa noti ya karatasi ya shilingi 1,000 hutakiwa kutaja chenji kabla muuzaji hajaihesabu. Kuzidisha huletwa kama mafungu yaliyo sawa, na jedwali hukaririwa baadaye. Hilo naliafiki kabisa.

Fimbo haipo katika darasa hili. Nalisema kwa uzito kwa kuwa mtoto anayejifunza kusoma hukosea mara nyingi zaidi ya anavyopatia, na mahali ambapo kukosea kunaadhibiwa mtoto hujifunza kunyamaza. Mwalimu pia huyatazama macho na masikio. Katika upimaji wa mwanzo wa mwaka aligundua kwamba msichana mmoja husoma kadi vizuri lakini hunakili ubaoni mambo yasiyokuwepo. Alimhamishia mbele na kuwaita wazazi wampeleke hospitali kupimwa macho, na kumbe walikuwa wameelezwa mwaka uliotangulia kwamba mtoto wao ni mzito wa kuelewa.

Sasa niyaseme yasiyoniridhisha, kwa kuwa yapo na si madogo. La kwanza ni kwamba watoto wanaandika sana lakini hawatungi. Wananakili, wanaandika imla, wanajaza nafasi zilizoachwa wazi, na mwandiko wao ni mzuri. Lakini katika daftari la binti yangu la mwaka mzima, sentensi alizozitoa kichwani mwake hazijai ukurasa mmoja. Mwalimu anasema kusahihisha utungaji wa watoto tisini hakuwezekani, na hoja hiyo naielewa, lakini naona kwamba si kila kilichoandikwa lazima kisahihishwe. Mtoto anayeandika sentensi mbili kuhusu alichokiona njiani akienda shule, na kumsomea jirani yake wa dawati, amejifunza kwamba maandishi yanatumika kusema jambo, hata kama kalamu nyekundu haikugusa kazi yake.

La pili linahusu ufahamu. Maswali yanayofuata hadithi mara nyingi yanajibika kwa kunyanyua sentensi kutoka katika hadithi yenyewe: sungura alikwenda wapi, alimkuta nani, alikula nini. Mtoto anaweza kuyapata yote bila kuelewa kwa nini sungura alidanganya au nini kingetokea kama asingedanganya. Kwa mwalimu ambaye katika kuhesabu huuliza maswali ya kufikirisha kiasi kile, tofauti hii inashangaza, nami nimemweleza. Alikubali kwamba vipindi vya kusoma humwishia kwenye utamkaji.

La tatu, watoto waliokwisha kujua kusoma hawapati vya kutosha. Nguvu za mwalimu zinaelekea kwa walio nyuma, na hilo ni haki, lakini kundi la mbele lilimaliza hadithi zilizopo mapema katika muhula wa pili na kuanza kuzirudia. Vitabu vya ziada vya hadithi ni vichache na haviruhusiwi kutoka nje ya shule, kwa hofu ya kupotea. Hili haliko mikononi mwake peke yake, na kamati ya shule inaweza kulitatua kwa kununua vitabu vichache vya hadithi kila mwaka na kuweka daftari la kuazima, gharama ambayo ni ndogo kuliko ile ya kupaka rangi ukuta wa mbele uliopakwa mwaka huu.

Kiingereza, ambacho mtaala mpya umekiingiza tangu darasa la kwanza, anakifundisha kwa nyimbo na picha, na watoto wanayajua majina ya vitu na salamu. Hakunivutia wala hakunisikitisha. Mzazi anayetaka Kiingereza kiwe jambo la kwanza hatakipata hapa, ingawa kwa maoni yangu mtoto anayesoma Kiswahili kwa ufasaha na kuelewa anachokisoma ameshapiga hatua kubwa zaidi ya yule anayekariri mashairi ya Kiingereza ambayo hajui yanasema nini.

Kuhusu gharama, shule haina ada; kuna mchango wa uji uliokubaliwa katika mkutano wa wazazi, na mzazi hununua madaftari, likiwemo moja la miraba kwa ajili ya kuhesabu, pamoja na penseli. Mwalimu hatozi chochote kwa watoto anaobaki nao baada ya masomo. Anachokidai kwa mzazi ni muda: mtoto asome kwa sauti nyumbani kila jioni, mbele ya mtu mzima. Katika kikao kimoja bibi mmoja anayemlea mjukuu wake alisema kwamba yeye hajui kusoma, hivyo hawezi kusaidia. Mwalimu alimjibu kwa heshima, "Bibi, wewe msikilize tu. Akisita utamsikia, na akisita mwambie alirudie neno lile." Bibi yule baadaye ndiye aliyekuja kueleza kwamba mjukuu wake huruka maneno marefu, na alikuwa sahihi.

Ufundishaji wa aina hii unamfaa zaidi mtoto aliyeachwa nyuma, mtoto mwenye aibu, na mtoto aliyehamishwa shule. Unamfaa kidogo mtoto aliyetangulia sana, isipokuwa nyumbani kuwe na vitabu. Mzazi aliye mbali na Morogoro anaweza kwenda katika shule ya mwanawe na kuuliza ni lini mwalimu alimsikiliza mtoto wake akisoma peke yake, na amekwama wapi. Mwalimu anayejibu kwa kutaja sauti au silabi fulani anamjua mtoto huyo, na anayejibu kwa kutaja wastani wa alama anahitaji kuulizwa tena.

Udhaifu mkubwa zaidi wa utaratibu huu ni kwamba uko kichwani na katika daftari la mtu mmoja. Alipokwenda semina kwa juma moja katika muhula wa pili, mwalimu aliyemshikia darasa alirudi kwenye kusoma kwa pamoja, kwa kuwa hakuna aliyempa lile daftari wala kumweleza makundi yale ya miti yana maana gani. Mwakani watoto hawa wataingia darasa la tatu kwa mwalimu mwingine, ambaye atakuta ripoti zenye alama tu. Sisi wazazi tumeomba kupitia kamati ya shule kwamba nakala ya kumbukumbu za kila mtoto ikabidhiwe kwa mwalimu huyo kabla shule haijafungwa, ikiwa na mahali mtoto alipofika na mahali anapokwama katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu mkuu amelipeleka ombi hilo kwa mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa darasa la pili ameshaanza kuzinakili kumbukumbu hizo kwa mkono, akianza na watoto walio nyuma.